Vinasaba vilivyomo kwenye kipimo cha sumukuvu si vyako

Wasagishaji na wafanyabiashara wa nafaka wa Kibaigwa, Dodoma, wamekuwa wakituuliza: kipimo cha sumukuvu (aflatoksini, sumu ya kuvu kwenye nafaka) chenye vinasaba kitachukua vinasaba vya mkulima? Hapana. Vinasaba hivyo huundwa maabara kwa kemikali, havichukuliwi kutoka kwa mtu yeyote. Vinasaba vya binadamu hapa Tanzania vina sheria yake ya mwaka 2009, na gunia la mahindi halihusiki nayo. Tunaomba uvumi huu ukome.

Kipimo hicho ni kihisi cha kikemia-umeme, yaani kifaa kinachotoa ishara ya umeme kinaponasa kinachotafutwa. Mashine ya kupimia sukari hufanya kazi hivyo. Kwa sumukuvu, vipande vya vinasaba vinavyonasa sumu hupandikizwa juu ya elektrodi (kipande kinachopitisha umeme) ya dhahabu. Shida ni kwamba vikiwa peke yake husongamana, vingine hulala, sumu ikakosa pa kushika. Mwaka 2010 watafiti wa China walionesha namna ya kuvisimamisha kwa piramidi iliyosukwa kwa nyuzi nne za vinasaba, yenye kingo za takriban nanomita 6 (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita). Pembe tatu hukaa juu ya dhahabu kama mafiga, ya nne hukiinua kipande kinachonasa. Ukirefusha kingo, nafasi kati ya kipande na kipande huongezeka. Uchafu nao hupungua kung'ang'ania elektrodi, hivyo hata sumu kidogo sana huonekana.

Vihisi hivi vimejaribiwa maabara kwa sumukuvu aina ya B1. Havijawa mbadala wa kipimo rasmi, na anayekuuzia kimoja sokoni kwa madai hayo anakudanganya.

Ukomo kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aina zote za sumukuvu, na 5 kwa B1 peke yake. Shehena inayozidi hapo huzuiwa isiuzwe, na mhusika anaweza kushtakiwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, kwa hiyo hatuwezi kulegeza.

Kiganja cha punje ulizochagua kwa macho si sampuli, tumeshasema mara nyingi! Kuvu hujificha sehemu chache za shehena. Piga bambo (chuma cha kuchomea gunia na kutolea punje) kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini. Changanya vyote, saga vyote, ndipo ugawe. Hata kihisi bora kiasi gani hakiwezi kuona sumu iliyobaki ghalani. Andika tarehe, eneo na idadi ya magunia, kisha hifadhi sehemu moja ikiwa imefungwa kwa lakiri, kwa sababu ukipinga majibu, hiyo ndiyo itakayopimwa upya.