Pesa za tabianchi hufikaje wadini, na mwananchi aulize lini

Watu wengi vijijini husikia habari za mradi wa tabianchi, yaani wa kuwasaidia wakazi kukabili ukame na mafuriko, siku lori la mkandarasi linaposhusha mawe na saruji. Hapo ndipo maswali huanza: mbona umewekwa hapa na si kule, nani aliuchagua, umegharimu kiasi gani? Ni maswali ya haki kabisa. Lakini kufikia siku hiyo karibu kila jambo limekwisha kuamuliwa, na kilichobaki ni kujenga. Kazi yangu ni kuwaeleza wananchi jinsi fedha za umma zinavyopangwa katika kaunti zetu hapa Kenya, na leo nataka tuifuate shilingi ya tabianchi tangu inapotengwa hadi inapofika wadini, ili tujue ni wapi njiani sauti ya mkazi ina uzito zaidi.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilipitishwa mwaka 2016. Inazitaka serikali za kaunti kuingiza suala la tabianchi katika mipango yao ya maendeleo. Hata hivyo, utaratibu wa kupeleka fedha hadi wadini ulitangulia sheria hiyo. Ulianza Isiolo miaka ya mwanzo ya ugatuzi, ukiwa jaribio lililofadhiliwa na Uingereza. Mwaka 2015 Makueni ikauweka katika kanuni zake na kuamua kwamba asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo itengewe mfuko wa tabianchi. Wajir ikafuata mwaka 2016 kwa asilimia 2. Kitui na Garissa nazo zikaingia.

Jinsi fedha hizo zilivyogawanywa ndiko kulikoleta tofauti. Asilimia 70 ilikwenda kwa miradi iliyochaguliwa na wadi, asilimia 20 kwa miradi ya kaunti nzima, na asilimia 10 tu ikabaki kwa uendeshaji na mipango. Tena kamati ya kaunti haikupewa mamlaka ya kuukataa mradi wa wadi uliotimiza vigezo. Iliweza kuurudisha ili urekebishwe, basi. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi bado hudhani kwamba kamati ya wadi ni ya kupendekeza tu, kisha wakubwa mjini huchagua wapendavyo. Katika mfumo uliotufikisha tulipo leo, aliyechagua ni mkazi, na kazi ya mtaalamu ilikuwa kuhakikisha kwamba alichochagua kinajengeka.

Mfumo huo ndio uliopanuliwa kitaifa kupitia mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii, ambao wengi wanaujua kwa kifupi chake, FLLoCA. Unasimamiwa na Hazina ya Kitaifa. Oktoba 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa ajili yake, na Ujerumani, Denmark, Sweden na Uholanzi zikachangia. Neno mkopo lisitupite. Sehemu kubwa ya fedha hizi italipwa na Wakenya, wakiwemo watoto ambao bado wako shule ya msingi. Mtu anayesema mradi wa tabianchi ni pesa za wafadhili, kwa hivyo ukiharibika hasara si yetu, hajaelezwa ukweli.

Kaunti haipewi fedha hizi kwa kuomba tu. Ni lazima kwanza iwe na sheria ya mfuko wa tabianchi, kitengo cha kushughulikia tabianchi na kamati zinazofanya kazi, na itenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo kwa kazi hiyo. Kuna ruzuku ya kuijengea kaunti uwezo na kuna ruzuku kubwa zaidi ya miradi yenyewe, na malipo hufuata matokeo yaliyokaguliwa. Maana yake ni kwamba kaunti ikizembea kutenga fungu lake au kuandika taarifa zake, wanaoumia ni wakazi wa wadi ambao hawakukosa lolote. Ndiyo sababu nawahimiza wananchi wawaulize wawakilishi wadi wao kuhusu ile asilimia 1.5 kwa ukali uleule wanaowauliza kuhusu barabara na basari.

Kabla ya orodha ya miradi kuandikwa, hufanywa tathmini shirikishi ya hatari za tabianchi. Wakazi huketi, huchora ramani ya eneo lao, husimulia ukame na mafuriko waliyoyaona, hutaja ni nani waliodhurika zaidi na kwa nini. Nimesikia watu wakiiita hatua hii porojo ya kupoteza muda. Mimi naiona kuwa hatua muhimu kuliko zote, na mfano wa Isiolo unanipa sababu.

Waborana wa Isiolo wana utaratibu wa kale wa malisho uitwao dedha. Wazee wa dedha huamua mifugo ikalishe wapi wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na sehemu gani iachwe kama akiba ya ukame mkali. Visima navyo vina msimamizi wake, aba herega, anayepanga zamu za kunywesha. Sasa fikiria mradi wa kisima kipya kinachochimbwa katikati ya malisho ya akiba. Kwenye karatasi ni msaada mkubwa: maji yamesogezwa karibu. Lakini palipo na maji ya kudumu mifugo haiondoki, na nyasi zilizowekwa kwa ajili ya mwaka mbaya huliwa katika mwaka mzuri. Ukame ukija, maji yapo na nyasi hakuna, na ng'ombe wanakufa pembeni ya kisima. Jamii za Isiolo zilipopewa nafasi ya kuchagua, ziliwekeza katika kuimarisha mamlaka ya dedha na kukarabati vyanzo vya maji vilivyokuwa mahali panapofaa. Mhandisi aliyetoka mbali asingelijua hilo kwa kutazama ramani ya satelaiti. Mzee wa dedha alilijua.

Tukumbuke pia kilichotokea baadaye. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzo wa 2023 kaskazini mwa Kenya kulikosa mvua misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Baada ya hapo yakaja mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya masika ya 2024. Wadi moja yaweza kukumbwa na yote mawili ndani ya miezi michache, kwa hiyo tathmini inayozungumzia ukame peke yake haijakamilika.

Ukambani mradi unaopendwa sana ni bwawa la mchanga. Ukuta hujengwa kukata mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakahifadhiwa kati ya punje za mchanga ambako jua haliyafikii. Ni teknolojia nzuri na inaeleweka na wenyeji. Lakini mchanga huohuo una soko. Malori yakiruhusiwa kuuzoa, ukuta unabaki umesimama na maji yametoweka. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, na ni busara hiyo ninayotaka kamati za wadi ziige: kabla ya kuomba ukuta, kubalianeni nani atalinda mchanga, nani atatunza kingo, na mtu mwenye shamba linalopakana na mto ameruhusu kwa maandishi watu wapite kuteka maji. Miradi mingi ya maji ninayoifahamu ilikwama kwa ugomvi wa njia na ardhi, na saruji yake ilikuwa imara kabisa. Palipo na ardhi ya jamii, idhini ya jamii yenyewe inahitajika, na sahihi ya mwenyekiti mmoja haitoshi.

Kamati ya wadi huchaguliwa na wakazi, na ni lazima wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wawe na nafasi humo. Nafasi hiyo isiwe ya kujaza orodha. Mama anayetembea kilomita kadhaa kuteka maji anajua chemchemi inakauka mwezi gani, na kikao kinachoitishwa saa ambazo yeye yuko njiani na mtungi kimemfungia mlango. Kuuliza saa ya kikao ni sehemu ya kudai haki.

Kalenda nayo haimsubiri mtu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, yaani karibu miezi kumi kabla. Taarifa ya mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na yote huidhinishwa kufikia Juni 30. Mkazi anayejitokeza mwezi wa Mei na wazo jipya amechelewa sana. Wazo hilo lilitakiwa lizungumzwe wadini kabla ya Septemba iliyotangulia. Vikao vya Februari hadi Mei ni vya kulinda kile kilichokwisha kuingizwa, kwa sababu hapo ndipo fungu la tabianchi huweza kupunguzwa kimyakimya ili kuziba pengo la kwingineko.

Hapa niseme jambo kuhusu fedha za kaboni, kwa sababu watu huzichanganya na hizi. Mradi wa kaboni ni biashara: kampuni au kikundi huuza kiwango cha hewa ukaa kilichozuiwa na msitu au malisho. Marekebisho ya mwaka 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato katika miradi ya ardhi, chini ya mkataba wa maendeleo ya jamii. Fedha za wadi hazihitaji mtu auze chochote wala asaini mkataba wa miaka mingi juu ya ardhi yake. Akija mtu akidai kwamba ili wadi ipate mradi wa serikali wa tabianchi lazima kwanza mweke sahihi hati ya kaboni, msisaini. Nendeni katika ofisi ya tabianchi ya kaunti mkaulize.

Na mkiuliza, ulizeni kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka ofisa ajibu ndani ya siku 21. Barua fupi inatosha: taja wadi, taja mradi, omba nakala ya pendekezo lililoidhinishwa, mkataba wa mkandarasi, orodha ya kazi pamoja na bei zake, na kumbukumbu za kikao kilichouchagua. Huhitaji kueleza sababu ya kuomba. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti yako ziko wazi kwa umma. Kikundi cha wanawake au cha vijana chenye mtu mmoja anayeweza kusoma jedwali la hesabu chaweza kulinganisha kilichoandikwa humo na kilichojengwa mtoni, na kupeleka tofauti hiyo katika kikao cha wadi kinachofuata.