Maswali na majibu: Kinga ya mwili inavyouamrisha ukuta wa utumbo

Saitokini ni nini?
Ni protini ndogo ambazo seli hutumia kupashana habari, hasa zile za kinga. Seli isiyo na kipokezi cha saitokini fulani haiwezi kuitikia.

Zinahusianaje na utumbo?
Ndani ya utumbo kumetandazwa safu moja tu ya seli, na nyingi kati yake hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Saitokini huchangia kuamua seli hizo zizaliwe kwa kasi gani, zitoe ute kiasi gani na zishikane vipi.

Tupe mfano.
Minyoo. Katika safu hiyo zimo seli chache zenye kishungi kichwani, ambazo wataalamu walishaziona kwa hadubini tangu miaka ya 1950 bila kujua kazi yake. Mwaka 2016 majaribio ya panya yalionyesha kwamba ndizo zinazopiga mbiu: minyoo ikiingia, hutoa saitokini iitwayo interlukini-25. Seli za kinga zilizo jirani hujibu kwa saitokini nyingine, interlukini-13, nayo huurudia ukuta wenyewe. Seli za ute huongezeka, seli mpya huzaliwa upesi na kuzisukuma za zamani zimwagike, misuli nayo hubana. Minyoo hukosa pa kushika. Hata hivyo, ipo inayostahimili yote hayo, kwa hiyo dawa ya minyoo bado inahitajika.

Na ukuta ukijeruhiwa?
Interlukini-22 huzihimiza seli kujitengeneza upya na kutoa protini za kuua bakteria.

Basi kinga ikizidi ndiyo vizuri?
Hapana, ingawa wauzaji wa “dawa za kuongeza kinga” hawatakuambia hivyo. Saitokini iitwayo TNF ikizidi kwa muda mrefu hulegeza maungio ya seli na kuziua, ukuta ukavuja, uvimbe ukachochea uvimbe. Hali hiyo huonekana katika ugonjwa wa Crohn, yaani kuvimba kwa utumbo kwa muda mrefu. Infliximab, dawa inayoizuia TNF, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa huo.

Ina hatari?
Ndiyo, na kwetu ni kubwa: TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuvifungia vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa TB kabla ya kuanza dawa. Kama uliwahi kuugua TB au uliishi na mgonjwa wake, mwambie daktari hata asipouliza.