Wamarekani si wanafiki: dhana potofu zinazowapotezea walimu wa Kiswahili mwaka mzima

Kila ikifika Oktoba, malalamiko ni yaleyale. Mwalimu wa Kiswahili aliyetua Agosti katika chuo cha Marekani kwa mpango wa Fulbright, ule wa serikali ya Marekani unaowapeleka walimu wa lugha wakafundishe huku nao wakisoma, ameshasalimiana na watu wengi, simu yake imejaa namba, na Jumamosi inamkuta chumbani peke yake. Ukimuuliza kulikoni, anatoa jibu lilelile la waliomtangulia. Jibu hilo ni kosa, na kwa kuwa linaharibu zaidi kuliko baridi na upweke, nitalishughulikia kwa kirefu. Mengine nitayapitia upesi.

"Wamarekani ni wanafiki. Wanakuchekea, wanakwambia tuonane siku moja, halafu kimya."

Si unafiki. Kwetu mwenyeji ndiye anayemfuata mgeni: anamkaribisha, anamtembeza, anamuuliza amelalaje. Marekani hakuna aliyepewa kazi hiyo. Anayetaka kuonana ndiye anayeleta siku. Mtu akikwambia mwonane bila kutaja tarehe, hajakuahidi wala hajakudanganya. Amekujulisha kwamba ukileta tarehe utasikilizwa vizuri. Anayekaa kusubiri atasubiri mpaka Mei, kisha atarudi nyumbani kuwasimulia watu kwamba Wamarekani hawana utu.

Basi leta tarehe. Ndani ya siku mbili tatu tuma ujumbe mfupi wenye siku, saa, mahali na muda: "Alhamisi ijayo saa 10 jioni, mkahawa wa maktaba kuu, tunywe kahawa kwa saa moja? Ikishindikana, Jumanne inayofuata saa hiyohiyo." Toa nafasi ya wiki nzima, kwa sababu kalenda zao zinajaa mapema. Kumbusha jioni ya kuamkia siku yenyewe. Fika kwa wakati. Ukichelewa zaidi ya dakika tano, andika. Kila mtu hujilipia, isipokuwa mmoja ametamka mapema kwamba atalipa. Saa moja ikiisha, inuka, hata kama mazungumzo yamenoga. Ndani ya wiki moja pendekeza siku nyingine.

Akijibu "siku hiyo siwezi, vipi wiki ijayo?", hiyo ni ndiyo. Akisema hawezi bila kutaja siku nyingine, jaribu tena mara moja baada ya wiki mbili au tatu. Akikataa tena, mwache bila kinyongo.

Makosa yanayovunja mambo hapa yanajulikana. La kwanza ni kusema "siku yoyote utakayopenda": unadhani unampa uhuru, kumbe umemtwika kazi ya kupanga, naye ataiahirisha. La pili ni kupiga simu bila kuandika kwanza. La tatu ni kupita nyumbani kwa mtu na kubisha hodi. Kwetu huo ni upendo. Kule unamfumania mtu akiwa na ratiba yake, naye anaona haya kukufukuza na anaona tabu kukukaribisha.

Hata hivyo, kahawa ni mlango tu, na hapa ndipo hata waliojitahidi hukata tamaa mapema. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti mwaka 2018 kuhusu muda unaohitajika: takribani saa 50 pamoja kwa mtu unayemfahamu kuwa rafiki wa kawaida, takribani 90 kuwa rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa ndani. Aliona pia kwamba saa za kuwa pamoja kazini hazina uzito sawa na saa za mapumziko. Piga hesabu. Kahawa ya saa moja kila mwezi, Septemba mpaka Mei, ni saa 9. Mazoezi ya kwaya ya saa mbili kila wiki kwa wiki 30 za masomo ni saa 60. Ndiyo maana nasisitiza, na nitaendelea kusisitiza: chagua kitu kimoja kinachokutana kila wiki, watu walewale, mahali palepale. Kwaya ya mji, ligi ya soka ya ndani ya chuo, bustani ya jamii, kikundi cha kupanda milima. Jiandikishe katika wiki tatu za kwanza za muhula, kabla orodha za timu hazijafungwa. Usikipime kabla ya kuhudhuria mara nne. Na usitoke mbio kikiisha: dakika 20 za kukunja viti na kutembea pamoja kuelekea kituo cha basi ndizo zinazozaa mwaliko.

"Wanafunzi wangu watakuwa marafiki zangu."

Maadamu unasahihisha kazi zao, hapana. Ukialika, alika darasa zima. Marafiki watafute kwenye masomo unayosoma wewe mwenyewe, ambako wenzako wa uzamili na uzamivu nao wamehamia mji huo bila kumjua mtu. Kisha itumie meza ya Kiswahili, ile saa ya mazungumzo ya kila wiki ambayo vyuo vingi vinavyofundisha lugha yetu huwa nayo. Mwombe mkuu wa programu aitangaze hata kwa watu wa mjini. Watajitokeza waliowahi kuishi kwetu, wakiwemo waliojitolea na Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la kupeleka watu wa kujitolea nchi za nje, lililoanza mwaka 1961 na kupeleka baadhi ya watu wake wa mwanzo kabisa Tanganyika. Baadhi yao sasa ni wastaafu: wana muda, wana gari, na ugali hawahitaji kuelezwa. Mwalimu wa miaka 27 anayedhani mzee wa miaka 70 hawezi kuwa rafiki yake anajinyima mengi.

"Nikikaa na Waafrika wenzangu sitapata Wamarekani."

Kinyume chake. Mkenya aliyekaa pale miaka kumi anawajua majirani, makocha na wachungaji; mwombe akuchukue anapokwenda. Kosa ni moja: kuzungumza Kiswahili ninyi wawili kwenye meza yenye wasiokijua.

"Nitawapata kanisani" au "msikitini".

Kwenye ibada yenyewe, mara chache. Watu husalimiana na kwenda zao. Ingia kikundi kidogo cha katikati ya wiki, au timu ya jikoni. Ramadhani, jitolee kupakua futari ya pamoja badala ya kukaa kupakuliwa.

"Bila pombe hupati mtu."

Si kweli. Agiza soda, kaa saa moja, aga.

"Chakula chetu kitawavuta."

Kitawavuta, ukikipanga. Kwenye karamu ambayo kila mtu huja na chakula, peleka cha kutosha watu wanane na uandike kikaratasi cha viambato, hasa karanga, maana kuna wanaoweza kufa kwa kuzila. Ukialika kwako, uliza mapema asichokula mtu. Na rafiki akitaka kukulipa umpikie sherehe au umfundishe mwanawe Kiswahili, kataa fedha: kazi iliyo nje ya programu bila kibali inavunja masharti ya viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana uliyoingia nayo.

"Nitaanza Januari nikishazoea."

Hii inaumiza sana walio kaskazini. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, giza likawahi kuingia, na kule Madison, jimboni Wisconsin, Desemba, jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Alhamisi ya nne ya Novemba ni Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ambayo familia hula pamoja, kila mtu kwao. Katikati ya Desemba chuo kinabaki kitupu mpaka Januari. Aliyejenga mazoea ya kila wiki kabla ya Oktoba kwisha ataalikwa Thanksgiving. Kama umeshachelewa, andikisho la ligi na vikundi hufunguliwa tena muhula wa pili unapoanza. Ingia wiki ya kwanza, na chagua kinachofanyika ndani ya jengo, kama mpira wa wavu au kwaya, ambacho theluji haiwezi kukifuta.