Muhogo wa Ramadhani, na mengine tunayoyasema sokoni

Kila Ramadhani ikikaribia, soko la Mwanakwerekwe hapa Zanzibar utasikia maneno yale yale: "Watu wa shamba hawana huruma, wamengoja mwezi mtukufu watukamue." Muhogo, majimbi na ndizi mkono wa tembo bei juu, na lawama zote za mkulima.

Hebu tumfanyie haki. Muhogo hukaa ardhini kati ya miezi 6 na mwaka mzima, kwa kutegemea mbegu, na majimbi hayapishani nao sana. Ramadhani nayo hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka, basi mara inaangukia kiangazi, mara masika. Mkulima wa Donge, huko shamba Unguja, anayetaka kuuza futari ya mwakani apande lini, na mvua hajui itakujaje? Halafu mwezi unaandama, na Unguja na Pemba nzima wanataka kitu kimoja, alasiri moja. Bei isipopanda hapo itapanda lini?

Wala hawezi kuuficha muhogo ghalani akangojea bei. Ukishang'olewa, siku 2 au 3 tu umeanza kuharibika. Vunja kipande utazame ndani: ukiona michirizi ya rangi ya buluu iliyofifia au nyeusi, huo umelala. Anayeuza anaijua saa yake, ndiyo maana jua likishuka fungu nalo hushuka.

"Dalali anakula jasho la mkulima." Hili nusu yake kweli. Lakini mtu wa Micheweni, Pemba, hawezi kuacha shamba akaja kukaa soko la Darajani mjini Unguja kuuza chane moja moja. Anayelipa gari mpaka bandarini, nauli ya chombo, na kubeba hasara ya ndizi zilizopondeka njiani ni mchuuzi, huyo huyo tunayemwita dalali. Ubaya ninaouona mimi ni mkulima kuuza mkungu bila kujua jana mnadani ulikwenda kwa ngapi, na simu anayo mfukoni.

Wengine wanaamini kila kilichopangwa sokoni ni cha visiwani. Siyo. Mbatata, vitunguu maji, karoti na kabichi kwa sehemu kubwa huvuka bahari kutoka Bara, na hakuna haramu hapo. Ila kama nia yako ni kumuunga mkono mkulima wa hapa, kapu lako lianze na muhogo, ndizi, shelisheli, bamia, mchicha. Kwa tungule, yaani nyanya, uliza zimetoka wapi. Huulizi matusi.

Na ile imani kuwa cha shamba hakina dawa ya wadudu? Wadudu hawajui mpaka wa mjini na shamba. Tungule na mboga za majani hupigwa dawa hapa hapa, na kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuvuna. Kuosha kunasaidia, hakuondoi yote. Swali la maana kwa muuzaji ni lini zilipigwa mara ya mwisho. Akibabaika, nenda meza ya pili.

Dhana iliyotulemaza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba watalii wakijaa Nungwi na Paje, mkulima naye amejaa. Hoteli inataka mboga ile ile, kiasi kile kile, kila wiki, mvua au jua. Wakulima wetu wengi wana vipande vidogo. Hata zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingi zimeshakatwa katwa kwa mirathi. Mmoja peke yake akivuna mchicha leo, wiki ijayo hana kitu, na meneja anampigia simu mtu wa Bara. Mchicha lakini huwa tayari kwa wiki 3 hadi 4. Majirani wanne wakipishana kupanda kwa wiki moja moja, hakuna wiki hoteli itakayokosa, na huo ndio mkataba wa kwenda kuuomba, kwa jina la kikundi.