Uhifadhi wa nguo za kale ni nini?

Ukimwambia mtu wa Mombasa kuwa kuna watu kazi yao ni kuhifadhi nguo za kale, atafikiri ni sanduku na vidonge vya nondo. Mwingine atadhani ni fundi wa kuifanya leso ya bibi ing'ae kama imetoka Biashara Street jana. Sivyo. Uhifadhi ni kuizuia nguo isizidi kuharibika, huku ikiachwa na alama za maisha yake. Kuitengeneza ionekane mpya ni urejeshaji, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Chukua kisutu, ile leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Cha kwetu, mtaani Kuze, kina doa la hina kwenye pindo, na shangazi alishatoa jiki kabatini. Jiki haichagui: inakula doa na uzi wa pamba pamoja. Isitoshe, doa hilo ndilo linalosema kuwa nguo hii ilivaliwa na bi harusi. Katika karakana ya uhifadhi kisutu kingepigwa picha kwanza, kikapimwa, kila tundu likaandikwa, ndipo liulizwe swali la doa: linaidhuru nguo, au linatuudhi sisi tu? Jasho, kwa mfano, huidhuru, kwa kuwa linadhoofisha uzi polepole.

Kufua ndiko kunakoogopwa zaidi, maana rangi ikishachuja na kuingia kwenye nyeupe haiondoki. Kwa hiyo hujaribiwa mahali padogo pasipoonekana: tone moja la maji yaliyotolewa chumvi zote, juu yake kipande cha karatasi nyeupe inayonyonya, na kitu kizito kidogo. Wanasubiri. Karatasi ikitoka na wekundu hata wa kubahatisha, maji yanawekwa kando, na vumbi hufyonzwa kwa mashine ya nguvu ndogo, wavu ukiwa umetandazwa katikati ili nyuzi zilizolegea zisivutwe.

Penye mchaniko hawatii kiraka juu. Kitambaa kingine, kilichotiwa rangi ya kufanana, hupitishwa chini, na nguo dhaifu hushikizwa juu yake kwa uzi mwembamba sana. Sindano inapita kati ya nyuzi za zamani, haizitoboi. Mshono huo lazima uweze kufumuliwa kesho bila kuacha jeraha. Hilo ndilo sharti linalowatofautisha na mafundi cherehani wetu, ambao sifa yao ni mshono usiofumuka.

Joho la zari lina matatizo yake. Zari ya kale mara nyingi ni utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu, umezungushwa kwenye uzi. Fedha ikiwa nyeusi, ukiisugua unaondoa dhahabu.

Kazi hii ilipata vituo vyake maalumu si zamani sana. Karen Finch, mzaliwa wa Denmark, alianzisha kituo cha kuhifadhi nguo katika jumba la Hampton Court, Uingereza, mwaka 1975. Hapa kwetu neno uhifadhi limezoeleka zaidi kwa mawe ya Fort Jesus na vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697.

Lakini sehemu kubwa ya uhifadhi haihitaji sindano. Makumbusho hupunguza mwanga juu ya nguo hadi luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, kwa sababu rangi iliyopauka hairudi. Unyevu ukizidi asilimia 65 koga huanza kuota, na kwa hewa ya pwani yetu hilo si jambo la kungojea masika. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu huo ndani. Halafu kuna mikunjo: leso iliyokunjwa pale pale kwa miaka arobaini hukatika pale pale. Kisutu chetu sasa kimeviringishwa kwenye bomba la kadibodi lililofunikwa shuka safi la pamba, na shangazi bado analalamika kwamba hakiingii kabatini.