Je, wajua kwa nini tunaumia stelingi akigeuka adui?

Fundi cherehani jirani yangu hapa Ujiji ana televisheni ndogo ameiegesha juu ya kabati la vitambaa, na jioni kibaraza chake hujaa. Juzi ilikuwa zamu ya sizoni moja ya kutafsiriwa, ya jumba kuukuu lenye popo, makaburi ya ukoo na maiti wasiolala. Stelingi wa humo, kaka mpole aliyewalinda watoto yatima wa lile jumba tangu mwanzo, alitoka pangoni macho makavu, akawafungia watoto walewale stoo. Basi. Hakuna sababu, hakuna maelezo, matangazo yakaingia.

Fundi alikuwa anapinda ukingo wa dera. Mguu ukaganda kwenye pedeli, dera likabaki linaning'inia na uzi wake.

"Huyu siye," alisema. "Huyu kapandwa na kitu."

"Mama, si muvi tu?" kijana wa bodaboda akamcheka.

Fundi hakumjibu. Aliinuka akazima televisheni, watu wakiwa bado na karanga mkononi.

Swali la kijana lina haki ya kujibiwa. Mtu hayupo, hakuzaliwa, ameandikwa tu na watu wanaolipwa mshahara. Kwa nini mama mzima azime televisheni kwa ajili yake?

Mwaka 1956, televisheni ikiwa bado changa, watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kwamba mtazamaji hujenga na mtu wa kwenye kioo ukaribu unaofanana na wa watu wanaojuana, isipokuwa ni wa upande mmoja: wewe unamjua, yeye hakujui. Tamthilia ya kila siku huuongeza ukaribu huo, maana mhusika anaingia kwako saa ileile, unamwona akila, akilia, akidanganywa. Mimi nina shangazi Kasulu ambaye simwoni hata robo ya hivyo.

Ila hilo linaeleza uchungu, halielezi hasira. Watazamaji hawauchukii ubaya wenyewe. Adui hodari wanampenda, wanamwiga anavyotembea. Kinachowakera ni kitu kingine, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua unatoka Marekani, kwenye tamthilia iitwayo Dark Shadows.

Ilianza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 27 Juni 1966, nusu saa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Hadithi ilikuwa ya ukoo wa Collins na jumba lao la Collinwood, katika mji wa kubuni wa jimbo la Maine. Watazamaji walikuwa wachache. Aprili 1967 wakaletewa mhusika mpya: kijana mmoja mwenye tamaa alivunja jeneza lililofungwa minyororo akitafuta vito, na ndani alikuwamo Barnabas Collins, mfu anayekunywa damu. Aliigizwa na Jonathan Frid, mwigizaji wa jukwaani kutoka Kanada. Mpango ulikuwa akae muda mfupi, atishe watu, auawe.

Na alitisha kweli. Alimpiga mtumishi wake, akamteka binti mhudumu wa mgahawa ili amgeuze awe kama Josette, mchumba wake wa zamani. Lakini barua za watazamaji zikamiminika, za kumtaka abaki. Mwishoni mwa mwaka huo waandishi wakairudisha hadithi nyuma hadi 1795, na hapo watu wakaona chanzo: Barnabas akiwa kijana wa kawaida, mchawi Angelique anampenda, yeye anampenda Josette, mchawi anamlaani. Kuanzia hapo kila alipouma shingo ya mtu, mtazamaji alijua anajichukia.

Sisi tuna mumiani. Waliokua miaka ya zamani watakumbuka walivyokatazwa kutembea usiku kwa ajili yake. Mumiani ni mtu baki, hana mama, hana mchumba, hajutii, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kumlilia. Barnabas naye ni mnyonya damu, ila ana ukoo, ana kidonda na ana aibu. Akitoa meno unatetemeka na kumhurumia kwa mpigo mmoja.

Sasa, mwishoni mwa 1969, huyo mpendwa akabadilishwa. Waandishi walileta viumbe wa kale waitwao Leviathani, wakamkamata Barnabas na kumfanya mtumishi wao. Akawa baridi, mwenye amri, akiwapa kisogo hata marafiki waliomtibu na kumficha. Ubaya wenyewe haukuzidi ule wa 1967. Tofauti ni kwamba majuto yaliondoka, na majuto ndiyo yaliyowafungisha watu urafiki naye. Watazamaji wengi hawakuipenda hadithi hiyo.

Nadhani mtazamaji hukaa kama mzee wa baraza mahakamani. Anasikiliza ushahidi siku hadi siku, anapima nani ana haki ya kupata heri na nani ya kupata shari. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alijenga nadharia yake juu ya jambo hilo hilo: tunawapenda au kuwachukia wahusika kwa kuhukumu matendo yao. Mshitakiwa akiharibikiwa hatua kwa hatua mbele yako, unamhukumu kwa uchungu, lakini unamhukumu. Akibadilishwa usiku mmoja na pepo wa kutoka nje, ushahidi wote uliousikiliza unatupwa, na wewe unaonekana ulikuwa unapoteza muda.

Wanaotunga michezo ya redio kwa ajili ya kuelimisha wanalijua hili vizuri. Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulitumia mbinu ya Miguel Sabido wa Meksiko: wako wahusika wema, wako wabaya, na wako wa kati ambao hubadilika. Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, alikuwa wa upande mbaya, na msikilizaji alijua tangu mwanzo anaelekea wapi. Wale wa kati hubadilishwa polepole, kosa kwa kosa, ili msikilizaji atembee nao. Hakuna anayelala mwema akaamka shetani.

Mbona basi waandishi wa tamthilia hufanya hivyo? Kwa sababu hadithi ya kila siku inakula kama jiko la mkaa. Dark Shadows ilifikisha vipindi 1,225 kabla ya kufungwa tarehe 2 Aprili 1971. Heri haizai hadithi: stelingi akishaoa na kutulia, Jumatatu utaonyesha nini? Kumgeuza mpendwa awe adui kunaleta vipindi vya miezi bila kuajiri mwigizaji mpya. Ni njia ya mkato, mimi nasema, na hata kule waandishi walilazimika kurudi nyuma: ikaelezwa kwamba Barnabas alitii kwa sababu Leviathani walimtishia kuwa wamemshika Josette.

Jana nilimsimulia fundi habari hiyo nikiwa nasubiri suruali yangu. Alisikiliza huku ametia pini tatu mdomoni.

"Kwa hiyo walimshikia mchumba?" akauliza alipozitoa.

"Ndivyo walivyomwambia, mama."

"Sasa hayo si wangeyasema mapema," akasema, akakanyaga pedeli.