Maandamano Nairobi: yanayoaminika kuhusu polisi, na yaliyomo katika sheria

Tangu Bunge livamiwe tarehe 25 Juni 2024 wakati wa kuupinga Mswada wa Fedha, kila maandamano yanapotangazwa Nairobi maneno yale yale hurudi: hawana kibali, risasi ya mpira haiui, kuripoti ni kazi bure. Kufikia mwanzo wa Julai mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa. Dhana hizi zinaumiza watu, na baadhi yazo zimo vichwani mwa waandamanaji sawa na zilivyo vichwani mwa maafisa.

Dhana: Bila kibali cha polisi, maandamano ni haramu

Sheria ya Kenya haina kitu kinachoitwa kibali cha maandamano. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa wenye mamlaka, mradi iwe kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inachodai ni notisi. Tofauti ni kubwa: anayeomba kibali anasubiri jibu, anayepeleka notisi anaarifu.

Notisi hupelekwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo husika, si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla ya tarehe yenyewe. Inabeba jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa, na mahali au njia itakayopitwa. Saa lazima ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. OCS anayeipokea anaweza kusema tarehe hiyo haiwezekani endapo kuna mwingine aliyetangulia kupeleka notisi ya mahali hapo hapo, siku hiyo na saa hiyo, na sharti amjulishe mwandalizi mara moja kwa maandishi. Kuambiwa mlangoni kwamba “wakubwa wamekataa” si jibu la kisheria.

Mambo huharibika kwenye karatasi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wenye tarehe na urudi nayo. Andika njia barabara kwa barabara, kwa mfano kutoka Jeevanjee kwa Moi Avenue, kisha Kenyatta Avenue hadi Uhuru Park. Ukiandika “katikati ya jiji” tu, umempa afisa nafasi ya kudai hakujua mtapita wapi. Njia ikivuka maeneo ya vituo viwili, kila kituo kipate notisi yake. Afisa akikataa kugonga muhuri, asiondoke mtu kabla ya kuandika saa, jina lake na nambari yake ya huduma, huku shahidi akiwapo. Kisha notisi hiyo hiyo itumwe kwa barua pepe au kwa huduma ya vifurushi yenye risiti. Mwandalizi au mwakilishi wake anatakiwa kuwapo mwanzo hadi mwisho.

Polisi wanao uwezo wa kusimamisha maandamano ambayo hayakutolewa notisi, au yenye hatari ya wazi na ya karibu ya kuvuruga amani. Hofu ya jumla haitoshi. Julai 2024 polisi walipopiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, Mahakama Kuu ilisitisha marufuku hiyo.

Dhana: Mmoja akirusha jiwe, umati wote umekuwa wa wahalifu

Haki ya kuandamana ni ya mtu mmoja mmoja. Aliyerusha jiwe amejitoa mwenyewe kwenye ulinzi wa Kifungu cha 37. Aliyesimama kando yake akiwa na bendera na chupa ya maji hajajitoa. Kazi ya polisi ni kumkamata yule mmoja. Vilevile wana wajibu wa kuwakinga wanaoandamana kwa amani dhidi ya wanaowashambulia, na hapa tuseme waziwazi kwamba jiji liliangushwa. Picha za tarehe 17 Juni 2025 zilionyesha wanaume wenye rungu na mijeledi, wengine wakiwa juu ya pikipiki, wakiwacharaza waandamanaji mchana kweupe.

Dhana: Kumpiga mtu risasi ya mguu ni njia ya upole

Rais mwenyewe alisema Julai 2025 kwamba wanaochoma mali za watu wapigwe risasi mguuni na kupelekwa hospitali, kisha kortini. Sheria haiugawi mwili hivyo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linahesabu kila risasi kuwa matumizi ya bunduki, na bunduki hutumiwa pale tu ambapo njia zisizo kali hazitoshi, hasa kuokoa maisha au kuzuia hatari ya karibu ya kifo au jeraha baya. Kulinda mali kumetajwa humo pamoja na kulinda maisha, lakini sharti la njia zisizo kali kwanza linabaki pale pale. Kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe, atoe onyo linalosikika na kuacha muda wa kutiiwa, isipokuwa kuchelewa kungehatarisha maisha. Amri ya mkubwa si kinga iwapo nguvu iliyotumika haikuwa halali.

Mwili nao una sheria zake. Mshipa mkubwa wa damu unapita kwenye paja, na ukikatika mtu anaweza kuvuja damu hadi kufa ndani ya dakika chache. Mtu anayekimbia hana mguu uliotulia wa kulengwa, na risasi iliyopita kwenye nyama huendelea na safari hadi kwa aliye nyuma. Ukimkuta aliyepigwa, kandamiza jeraha kwa nguvu ukitumia kitambaa safi, bila kuachilia kila mara kuangalia kama damu imekatika, mpaka afikishwe kwa daktari. Jedwali hilo hilo linawataka maafisa waliopo wampe majeruhi msaada wa matibabu mara moja na kuwajulisha jamaa zake.

Dhana: Risasi ya mpira haiui

Inaua ikipigwa kwa karibu, na ikipigwa kichwani, shingoni au kifuani. Siku ile ile ya 17 Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa kichwani kwa karibu sana katikati ya Nairobi, mbele ya kamera, na akafa kabla ya mwezi kwisha. Afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji.

Dhana: Kitoza machozi ni moshi tu, na maziwa ndiyo dawa yake

Kinachowasha ni kemikali yenye umbo la ungaunga laini ambao mkebe huurusha hewani. Kwa hiyo haukuachi unapotoka kwenye wingu lile. Unabaki kwenye nywele, kwenye nguo na kwenye mikunjo ya ngozi, na ukifikicha macho unauingiza zaidi. Elekea upepo unakotoka. Osha macho kwa maji safi mengi kwa dakika 10 hadi 15, na kama unavaa lenzi zitoe kwanza. Shati lenye ungaunga likatwe kwa mkasi badala ya kuvuliwa kupitia usoni, nguo zitiwe kwenye mfuko na zifuliwe peke yake. Maziwa si safi kiasi cha kutiwa jichoni, na dawa ya meno huongeza muwasho.

Kosa linaloonekana sana kwenye maduka ya Luthuli Avenue na River Road ni kushusha shata baada ya gesi kuingia. Watu hufungiwa pamoja na sumu. Gesi ikiwa nje bado, funga na uzibe chini ya mlango kwa kitambaa chenye maji. Ikishaingia, fungua na watu watoke, wenye pumu na watoto wakiwa wa kwanza. Mkebe ulioanguka usiuokote kwa mkono mtupu kwa sababu unaunguza. Nao polisi hawapaswi kuufyatua moja kwa moja kwa watu wala kuutupa ndani ya jengo: ukimpata mtu kichwani ni chuma kinachoruka.

Dhana: Polisi wanaweza kukuweka seli mpaka upelelezi uishe

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema saa 24. Zikiisha nje ya saa za korti, au siku ambayo korti haiketi, unafikishwa mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo sababu kukamatwa Ijumaa jioni kunauma, na ndiyo sababu familia iulize kituoni mapema: jina limeandikwa kwenye OB, daftari la matukio la kituo? nambari gani? saa ngapi? Bila nambari ya OB mtu anaweza kuhamishwa kituo hadi kituo bila alama yoyote. Kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande. Mtoto asichanganywe na watu wazima. Dhamana ya polisi haina ada. Pesa taslimu zikitolewa kama amana, daini risiti, maana hurudishwa.

Dhana: Gavana ndiye anayeamuru polisi wa jiji

Kanjo, yaani askari wa jiji, ni wa kaunti. Polisi ni wa taifa, chini ya Inspekta Jenerali, na Katiba inamzuia yeyote kumwelekeza nani achunguzwe au nani ashtakiwe.

Dhana: IPOA haisaidii, kwa hiyo kuripoti ni kupoteza muda

IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, hupeleleza na kupendekeza. Kufungua mashtaka ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ni kweli kesi nyingi hukwama, na hasira ya familia tunaielewa. Ila faili lisilo na ushahidi halishindi kortini hata likipelelezwa na nani, na ushahidi mwingi hupotea katika siku mbili za kwanza, kabla ya IPOA kujua kulikuwa na tukio. Mkuu wa afisa aliyesababisha kifo au jeraha baya kwa bunduki analazimika kuripoti IPOA. Msimwachie peke yake. Simu ya bure ni 1559.

Hospitali kwanza, na daktari aandike umbo la jeraha na lilipo. P3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, hutolewa bure, na kama unaogopa kituo cha eneo lako nenda kingine. Usifue nguo zenye damu: zianike kivulini zikauke, kisha zitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huozesha. Risasi ikitolewa kwenye upasuaji, mwombe daktari aihifadhi kwenye chombo kilichoandikwa jina na tarehe, na kila anayeipokea atie sahihi. Hapo ndipo italinganishwa na bunduki zilizotolewa siku hiyo, zilizoandikwa kwenye daftari la silaha la kituo pamoja na idadi ya risasi. Afisa mwenye sare anatakiwa kuvaa jina au nambari inayoonekana. Akiificha, andika nambari ya gari, barabara na saa.

Kwa aliyefariki, msizike haraka. Familia ina haki ya kuleta mwanapatholojia wake ashuhudie upasuaji wa maiti. Juni 2025 mwalimu aliyekuwa pia mwanablogu alifia mikononi mwa polisi Nairobi, na taarifa ya kwanza ya polisi ikasema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Wanapatholojia walikuta majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na michubuko mwilini, mambo yasiyotokana na kujigonga.

Video nazo hupotea kwa kusambazwa. Ikitumwa kwa WhatsApp hubanwa na kupoteza taarifa za saa na simu iliyoirekodi. Acha faili la kwanza kwenye simu iliyolipiga na uweke nakala kwenye diski nyingine bila kulikata wala kuliandika juu. Kortini litahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa. Kwa hiyo aliyerekodi atafutwe mapema, apewe wakili, na ulinzi wake upangwe kabla jina lake halijaingia kwenye faili.